Barua ya wazi: Wafanyakazi wasiofundisha wapewe kiti katika mabaraza ya vyuo vikuu vya umma

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Jamhuri ya Kenya
Mwenyekiti na wanachama wa Kamati ya Elimu, Bunge la Kitaifa
Wenyekiti wa mabaraza ya vyuo vikuu vya umma

Mheshimiwa Waziri, waheshimiwa wabunge, waheshimiwa wenyekiti,

KUH: KITI CHA MFANYAKAZI ASIYEFUNDISHA KATIKA BARAZA LA CHUO KIKUU

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni fundi wa maabara katika chuo kikuu cha umma hapa Kenya, na karibu maisha yangu yote ya kazi nimeyatumia humo. Chuo chenyewe sikitaji. Ninayoyaeleza hayahusu chuo kimoja, na sina haja ya kumwanika mtu ili hoja yangu ieleweke.

Kabla ya kufika hapa tulifuata njia za ndani. Tuliandika kupitia idara ya rasilimali watu, tukaandika kwa ofisi ya utawala, tukapitia chama cha wafanyakazi. Majibu tuliyopata yalikuwa ya aina mbili. Kwanza, kwamba suala letu limepokelewa. Pili, kwamba Baraza la Chuo haliwezi kubadilisha muundo wake kwa sababu muundo huo umewekwa na sheria. Hilo la pili ni kweli, ndiyo maana sasa tunawaendea wenye uwezo wa kuibadilisha sheria, na tunafanya hivyo hadharani.

Kifungu cha 36 cha Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ndicho kinachosema nani ataketi katika Baraza la chuo cha umma: mwenyekiti, Katibu wa Wizara anayesimamia elimu ya vyuo vikuu, Katibu wa Wizara ya Fedha, wajumbe wanaoteuliwa na Waziri, na Naibu Chansela anayeingia kwa wadhifa wake. Kifungu cha 35 kinalipa Baraza hilo kazi zake, zikiwemo kuajiri wafanyakazi, kupitisha bajeti na kuidhinisha sera za chuo. Kwa hiyo mpishi wa mesi, karani wa masjala, mkutubi, dereva, mlinzi wa lango, fundi bomba, muuguzi wa zahanati na fundi wa maabara wote wameajiriwa na Baraza. Hakuna hata mmoja wao anayeruhusiwa na sheria kuchagua mtu wa kuketi humo.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Baraza husikia upande mmoja tu.

Wajumbe wengi wa Baraza hawakai chuoni. Wana kazi zao kwingine, na huja vikao vinapoitishwa. Wanachokijua kuhusu chuo ni kile kilichoandikwa kwenye makabrasha wanayokuta mezani, na makabrasha hayo huandaliwa na uongozi uleule ambao Baraza linapaswa kuusimamia. Sisemi kwamba uongozi hudanganya. Ninasema kwamba hakuna binadamu anayeweza kuachiwa peke yake kazi ya kuripoti mapungufu yake mwenyewe.

Chukueni mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, uliowapanga wanafunzi katika makundi kulingana na uwezo wa familia zao. Mzazi aliyesafiri usiku kucha kuja kuuliza kwa nini mwanawe amewekwa kundi la wenye nacho hakukutana na Katibu wa Wizara wala mjumbe wa Baraza. Alikutana na karani wa dirishani. Karani huyo alijua, ndani ya siku chache za usajili, ni vijana wa aina gani wanaogeuka na kurudi nyumbani. Alijua pia ni fomu zipi zimejazwa vibaya kwa kutoelewa maswali, na ni familia zipi zimeomba marekebisho zikabaki kusubiri. Taarifa hiyo ingekuwa dhahabu kwa Baraza lolote lililokuwa likikadiria mapato ya karo ya mwaka ule. Ila hakuna njia iliyowekwa ya kuifikisha. Karani humwambia msimamizi wake, msimamizi humwambia mkuu wa idara, na kufikia hapo muhula umeisha.

2. Makato ya mishahara yetu hayafiki yanakotakiwa kufika.

Hili ndilo linalotuuma zaidi, nami nitalieleza kwa kirefu.

Mpishi mmoja wa mesi yetu, baada ya kustaafu, alikuja maabara saa ya chai akiwa na bahasha ya kaki. Alizipanga hati zake za mshahara upande mmoja wa meza, na taarifa ya mfuko wa pensheni upande wa pili. Kwenye hati za mshahara, makato ya pensheni yalikuwepo mwezi baada ya mwezi bila kuruka. Kwenye taarifa ya mfuko kulikuwa na miezi mitupu iliyofuatana. Aliniomba nimsaidie kujumlisha kwa sababu alidhani yeye ndiye aliyekosea hesabu. Hakuwa amekosea. Fedha zilitolewa kwenye mshahara wake na hazikupelekwa.

Kwenye Sacco, chama chetu cha akiba na mikopo, hali ni hiyohiyo. Rejesho la mkopo hukatwa kwenye mshahara, chuo hakilipeleki, na Sacco inakuhesabu kuwa umeshindwa kulipa. Wadhamini wako, ambao ni wafanyakazi wenzako wa ofisi ya jirani, wanaanza kuguswa akiba zao. Nimeona urafiki wa miaka mingi ukivunjika kwa deni ambalo mwenye mkopo alikuwa ameshalilipa lote kwa jasho lake. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeyataja makato yasiyowasilishwa ya vyuo vikuu vya umma mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba ni uvumi wa kantini.

Ninaelewa kwamba mgao wa serikali huja pungufu, tena huja umechelewa. Naibu Chansela mwenye fedha za nusu mwezi mkononi hana chaguo rahisi. Lakini kuamua kwamba mshahara wa kupokea mkononi ulipwe kwanza na makato yasubiri, huo ni uamuzi, na mwenye jukumu la kuusimamia ni Baraza. Kwenye taarifa za fedha, fedha hizi huonekana ndani ya fungu la madeni ambayo hayajalipwa, pamoja na deni la muuza karatasi na la kampuni ya umeme. Mjumbe aliyetoka mbali anapita juu ya mstari huo kama mistari mingine. Mfanyakazi akiwepo pale mezani atainua mkono na kusema kwamba hizi si fedha ambazo chuo kinadaiwa kwa biashara. Ni mishahara ya watu iliyokwisha kukatwa. Atauliza ni ya miezi gani, iko wapi, na itapelekwa lini. Na swali likishaulizwa litaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, na kikao kinachofuata kitalazimika kulijibu.

3. Sisi pekee ndio hatuna chombo.

Wahadhiri wana Seneti, ambamo mambo ya masomo huamuliwa na wao wenyewe. Wanafunzi wana baraza lao lililotajwa na sheria. Sisi tuna vyama vyetu, KUSU na KUDHEIHA, ambavyo kazi yao ni kujadili mishahara na masharti ya kazi, na vinaifanya. Lakini chama huitwa mambo yakishaharibika. Hakikai pale bajeti inapopitishwa. Sisemi haya kwa kuwaonea wivu wahadhiri, ambao nao hawachagui mjumbe wa Baraza; wakidai kiti chao nitasimama nao.

4. Anayeumia hayupo inapoamuliwa.

Katika maabara ya kemia kuna kabati la kuvutia nje mvuke wa kemikali. Feni yake ikifa, mhadhiri huvuta hewa ile kwa saa mbili au tatu za kipindi chake, mwanafunzi vivyo hivyo. Fundi huivuta kutwa nzima. Ombi la matengenezo huanzia kwake, hupanda kwa mwenyekiti wa idara, kwa mkuu wa kitivo, kwa ofisi ya ununuzi, kwa ofisi ya fedha. Kila linapopanda linapoteza maneno. "Feni imekufa na watu wanakohoa" linageuka kuwa "ukarabati, maabara", kisha linakuwa tarakimu ndani ya fungu la matengenezo. Fedha zikipungua, fungu hilo ndilo hukatwa kwanza. Wajumbe wanaolikata si watu wabaya. Hawakuona feni, waliona tarakimu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Aprili 2, 2015, washambuliaji walipoingia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, walioanza kupigwa risasi walikuwa walinzi wa lango. Baada ya siku ile, haifai sera ya usalama ya chuo chochote nchini kupitishwa bila kumsikiliza mtu aliyewahi kukesha langoni zamu ya usiku. Yeye ndiye anayejua taa ipi haiwaki, redio ipi haishiki mawimbi na ua umetoboka wapi.

5. Tunajua mambo kwa kugoma.

Mgomo wa vyuo vikuu vya umma wa 2025 ulianza Septemba 17 na kumalizika Novemba 5, siku 49 za madarasa matupu. Deni lililozozaniwa, Sh7.9 bilioni, lilitokana na mkataba wa mishahara wa 2017–2021, ambao muda wake ulikuwa umekwisha miaka minne kabla. Sidai kwamba mtu mmoja ndani ya Baraza angeifanya Hazina itoe fedha isizotaka kutoa. Ninachosema ni kwamba katika majuma yale tulikuwa tukiishi kwa uvumi wa WhatsApp: mara fedha zimetumwa, mara zimetumika kwingine, mara zimezuiliwa. Mtu tuliyemchagua wenyewe angeweza kutuambia, bila kuvunja siri yoyote, nini kimefika chuoni na nini hakijafika, na tungemwamini. Mjumbe tusiyemjua hata kwa sura hawezi kuifanya kazi hiyo, awe mwaminifu kiasi gani.

Sasa niziguse sababu ambazo tumekuwa tukipewa, na ambazo najua zitatolewa tena.

Tunaambiwa kuna mgongano wa maslahi: mfanyakazi hawezi kukaa mahali panapoamuliwa mshahara wake. Lakini ninyi wenyewe mnajua kwamba mishahara ya vyuo vya umma haiamuliwi ndani ya Baraza la chuo kimoja. Hujadiliwa kwa pamoja kupitia jukwaa la mabaraza yote, IPUCCF, na kwa ushauri wa Tume ya Mishahara na Marupurupu. Na likitokea jambo linalomhusu mjumbe huyu moja kwa moja, atalitangaza na kutoka nje ya chumba, kama anavyotakiwa kufanya mjumbe yeyote mwenye zabuni ya shemeji yake mezani. Sheria ya Mgongano wa Maslahi iliyotiwa saini Julai 2025 inawabana maofisa wote wa umma. Itambana na yeye. Tusisahau pia kwamba Naibu Chansela naye ni mwajiriwa wa chuo, na yumo.

Tunaambiwa Baraza litakuwa kubwa mno. Mwongozo wa utawala wa mashirika ya serikali wa 2015 unataka bodi za watu kati ya saba na tisa, na sipingi. Bodi kubwa huzungumza sana na kuamua kidogo. Basi si lazima kiti kiongezwe. Nafasi moja kati ya zile ambazo Waziri huzijaza kwa uteuzi inaweza kugeuzwa kuwa ya kuchaguliwa. Mheshimiwa Waziri, najua ninakuomba uachie sehemu ya mamlaka yako. Ninakuomba hivyo nikijua uzito wake.

Tunaambiwa wafanyakazi hawana ujuzi wa kusimamia fedha nyingi. Hili linatuvunja moyo, maana sheria za nchi hii tayari zinatuamini. Katika mifuko ya pensheni ambayo kila mwanachama ana akaunti yake, kanuni zinataka angalau nusu ya wadhamini wa mfuko watokane na uteuzi wa wanachama wenyewe. Wapo makarani na mafundi ambao leo ni wadhamini wa mifuko hiyo. Husoma taarifa za wakaguzi, huwahoji mameneja wa uwekezaji, na huwajibika kisheria wakizembea. Sacco zetu pia huendeshwa na bodi tunazozichagua sisi. Wakati huohuo, miongoni mwa wafanyakazi wasiofundisha wamo wahasibu, wahandisi, wanasheria na wataalamu wa kompyuta. Swali la ujuzi halina msingi.

Tunaambiwa siri zitavuja. Mjumbe atakayevujisha siri aadhibiwe kwa kanuni zilezile zinazowahusu wengine.

Na tunaambiwa jambo hili ni geni. Jirani zetu hawalioni hivyo. Sheria ya vyuo vikuu ya Uganda ya 2001 imetenga viti vya wahadhiri, vya watumishi wa utawala na vya wafanyakazi wa huduma, mbali na vya wanafunzi. Makerere huketi na watu hao mezani. Afrika Kusini, Sheria ya Elimu ya Juu ya 1997 inasema wazi kwamba Baraza litakuwa na wafanyakazi wasio wahadhiri waliochaguliwa na wenzao, na papo hapo inataka angalau asilimia 60 ya wajumbe watoke nje ya chuo. Wamepata macho ya ndani bila kupoteza wingi wa watu wa nje. Scotland ilipitisha sheria mwaka 2016 inayotaka wajumbe wawili waliochaguliwa na wafanyakazi wote, tena mmoja wa kuteuliwa na chama cha wahadhiri na mmoja wa kuteuliwa na chama cha wafanyakazi wengine. Vyuo vya huko havikuanguka kwa sababu hiyo. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 10, imeutaja ushirikishwaji wa watu kuwa moja ya maadili ya kitaifa, na kifungu cha 232 kinautaka ndani ya utumishi wa umma wakati sera zinapotungwa. Kwa Katiba ya namna hiyo, ilitarajiwa Kenya iwe mbele katika jambo hili.

Tunaomba yafuatayo.

Kwa Kamati ya Elimu ya Bunge: kifungu cha 36 kirekebishwe ili kila Baraza la chuo kikuu cha umma liwe na mjumbe mmoja aliyechaguliwa kwa kura ya siri na wafanyakazi wote wasiofundisha, wa kila daraja, katika kampasi zote. Awe na haki kamili ya kupiga kura. Kiti cha kutazama tu hatukitaki katika sheria. Asiwe ofisa wa chama anayejadili mishahara wakati huohuo. Kiti kizunguke, ili baada ya mtu wa ofisini afuate mtu wa mesi, karakana, shamba au lango. Bila sharti hilo wenye vyeo watakitwaa daima, na wapishi watabaki walipo. Na sheria imlinde: asihamishwe wala kufutwa kazi kwa neno alilolisema kikaoni.

Kwa Waziri: Wizara iuandae mswada huo na kuja kusikiliza maoni vyuoni kwenyewe, saa ambazo walinzi na wapishi wanaweza kuhudhuria. Vikao vya kukusanya maoni katika hoteli za Nairobi asubuhi ya siku ya kazi hatuwezi kuvifikia.

Kwa wenyekiti wa mabaraza: mambo mawili hayahitaji kusubiri Bunge. Kwa sasa waalikeni wafanyakazi wawili waliochaguliwa na wenzao wahudhurie kamati zenu za fedha na za rasilimali watu, kama mnavyowaalika maofisa wa idara mnapohitaji maelezo. Na mtakeni Naibu Chansela alete katika kila kikao ukurasa mmoja unaoonyesha makato ya kila mwezi: kiasi kilichokatwa kwa pensheni, Sacco, bima ya afya na kodi, kiasi kilichopelekwa, na tarehe kilipopelekwa. Ukurasa huo ubandikwe pia kwenye mbao za matangazo za kila idara.

Wenzangu wameanza kukusanya saini za ombi rasmi kwa Bunge chini ya kifungu cha 119 cha Katiba. Tutaliwasilisha saini zikikamilika, lakini tungependelea kuja Bungeni kutoa maoni juu ya mswada ambao Wizara imekwisha kuuleta. Tunaomba jibu la maandishi kutoka kwa kila ofisi iliyotajwa juu ya barua hii, nasi tutalisambaza kwa wafanyakazi wote kama lilivyo.

Wenu katika utumishi wa umma,

Fundi wa maabara, kwa pamoja na wafanyakazi wasiofundisha walioisoma na kuiridhia barua hii

Nakala:
Makatibu wa KUSU na KUDHEIHA, tawi la chuo
Naibu Chansela
Mwenyekiti wa baraza la wanafunzi